Mshono Nisiouandika

Mama yangu, Mishi, alizikwa siku ya Jumatano, mwezi wa Juni mwaka 1968, wakati ambapo Nyeri hushinda na ukungu asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wanaume walipotoka makaburini waliketi kwenye mikeka nje ya nyumba yetu ili kumpa baba pole, lakini baba hakuketi nao. Alipita katikati yao, akapanda kibarazani alikofanyia kazi, akachukua shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, akaendelea na godoro aliloliacha siku mama alipozidiwa. Watu walitazamana. Mmoja wao alisema kwa sauti ya chini, "Leo pia?"

Baba aliitwa Dawud, na nusu ya mji ililala juu ya kazi ya mikono yake. Hakuwa mtu wa maneno. Akitaka chai aliisukuma bilauri mbele, nasi tukaelewa. Akikasirika alinyamaza, na ukimya wake ukajaa nyumba nzima, hata kuku wakaonekana kutembea kwa adabu. Sikumbuki akinipiga. Sikumbuki pia akinishika mkono.

Miaka miwili baadaye, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili, Bwana Hezekiah Kingori, alitufundisha jinsi mwandishi anavyomjenga mhusika.

"Usiniambie baba ni mkali," alisema. "Ukiniambia, nitakubali leo na kesho nitasahau. Nionyeshe anavyofungua mlango. Nionyeshe mtoto anafanya nini akisikia mlango ukifunguliwa. Mengine niachie mimi."

Kisha akatupa kazi ya nyumbani. Tuandike hadithi ya mzazi na mtoto wake, bila neno hata moja la kumsifu mzazi huyo wala la kumlaumu.

Niliandika kwa siku nne, na kwa mara ya kwanza nilijiona nina uwezo wa kitu fulani. Mtu wa hadithi yangu sikumpa jina, nilimwita Baba tu. Nilimfanya fundi wa magodoro kwa sababu sikujua kazi nyingine vizuri. Nikaandika bilauri inayosukumwa. Nikaandika mke anakohoa chumbani, na mume anabeba vifaa vyake na kuhamia upande wa mbali wa kibaraza. Mwisho nikaandika siku ya mazishi: wageni kwenye mikeka, na yeye ameinama juu ya godoro, uzi unaingia na kutoka. Hapo nikaweka nukta.

Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo nililojiambia kwa miaka mingi, kwamba sikuandika uongo.

Lakini baba alihamia upande wa mbali kwa sababu vumbi la sufi ya kujazia magodoro lilikuwa likiingia chumbani na kumkohoza mama. Nililijua hilo, na sikuliandika. Na katika nakala yangu ya kwanza kulikuwa na aya moja baada ya ile ya mazishi. Ilisema kwamba baba alipofika kwenye kona ya godoro alikata uzi, akautazama mshono, akaufumua wote. Akashona tena. Akafumua tena. Mtoto wake alikuwa ameketi mbele yake akimshikilia kitambaa kisilegee, kama mama alivyokuwa akifanya, na mara ya tatu baba alimwambia, "Shika vizuri," kwa sauti ambayo mtoto hakuwa ameisikia maishani. Waliendelea hivyo mpaka adhana ya Magharibi.

Niliisoma hadithi ikiwa na aya hiyo, kisha nikaisoma bila hiyo. Bila hiyo ilikuwa na makali zaidi. Nikaikata aya ile kwa rula, mistari miwili iliyonyooka. Hakuna aliyenishauri.

Bwana Kingori aliisomea darasa. Watiri, niliyekaa naye dawati moja, alilia. Hadithi ikapelekwa kwenye mashindano ya shule za mkoa, ikawa ya kwanza, na Septemba ikatoka katika kijitabu chenye jalada la kijani, pamoja na hadithi za wanafunzi wengine. Kijitabu kiliuzwa kwenye maonyesho ya kilimo, watu wakakinunua wakitoka kutazama ng'ombe wa maziwa.

Nyumbani sikusema neno. Ila Bwana Kingori, kwa nia njema kabisa, alikwenda mwenyewe hadi kibarazani na kumpa baba nakala.

"Mzee, huyu msichana wako ataandika vitabu," alimwambia.

Baba alisoma msahafu tu. Herufi za shuleni hakuzijua. Alikigeuzageuza kijitabu, akaonyeshwa jina langu lilipo, akakitia katika mfuko wa koti lake. Siku tatu nilikiona kikichungulia mfukoni mwake. Kila mteja aliyekuja alitolewa kijitabu kabla ya kuonyeshwa kitambaa.

"Hii iko na jina ya mtoto wangu," alisema, na kuweka kidole mahali penyewe.

Siku ya tatu nilikuwa hapo Bwana Mutahi wa duka la misumari alipokipokea. Alisoma akiwa amesimama. Akafungua ukurasa wa pili, akasoma huo pia, kisha akakifunga polepole na kumrudishia baba.

"Nitakuja kusoma vizuri siku nyingine, Mzee Dawud. Miwani nimeacha nyumbani."

Miwani yake ilikuwa usoni.

Baba alimtazama Mutahi akivuka barabara, akamtazama mpaka akaingia dukani kwake.

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta ameniwekea kigoda karibu naye. Hakuwa na shazia mkononi.

"Kaa," alisema. "Nisomee."

Nilikifungua kijitabu. Nilisoma sentensi ya kwanza kama ilivyo, maana haikuwa na madhara, kisha macho yangu yakaendelea kupita kwenye karatasi huku mdomo ukienda njia yake. Nilimsomea baba hadithi ya fundi mchangamfu ambaye jioni aliwasimulia wanawe habari za safari zake. Fundi huyo alimwita mkewe kwa jina la utani. Mkewe alipougua, alimkorogea uji na kumlisha kwa mkono wake. Niligeuza kurasa pale nilipodhani panafaa. Nilipomaliza, nilikifunga kijitabu.



"Jana Gathoni alinisomea," baba alisema.

Gathoni aliuza chai katika kibanda kilichoegemea ukuta wetu. Alikuwa amemaliza darasa la saba na alisoma vizuri kuliko wengi.

"Sasa nilitaka kuisikia kwa sauti yako," aliendelea. "Yule mtu wa Gathoni sikumpenda. Lakini namjua. Huyu wako simjui."



"Ule mshono niliofumua. Hukuuona?"

"Niliuona, Baba."

"Ulikuwa umeshika kitambaa."

"Ndiyo, Baba."

"Basi," alisema. Akanyoosha mkono, nikampa kijitabu, akakitia mfukoni alimokuwa amekitia siku zote. Kisha akachukua kazi yake.

Asubuhi iliyofuata Gathoni aliniita nikienda shule. Alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa tayari safi.

"Saumu, mimi sikujua hiyo hadithi ni ya nani," alisema. "Nilianza kusoma kwa sauti, watu wakiwa hapa wanakunywa chai. Nikifika katikati ndiyo nikajua. Nikamwambia Mzee, wacha tumalizie kesho. Akaniambia, maliza. Ati maliza yote."

"Alifanya nini?"

"Alisikiza. Halafu akashukuru."

Nilingoja aniadhibu. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Hakunikemea, wala hakumwambia mtu neno. Kilichobadilika kilikuwa kidogo, na nilichelewa kukitambua: nikitokea kibarazani akiwa anafanya kazi, aliiweka shazia chini na kupumzisha mikono magotini mpaka nipite. Tukiwa tunakula hakuisukuma tena bilauri. Aliomba chai kwa maneno kamili, "Niongezee chai tafadhali," kama anayezungumza na mgeni. Alikuwa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Niliiandika upya ile hadithi, na vumbi la sufi ndani yake, na mshono, na "shika vizuri." Nikampelekea Bwana Kingori. Aliisoma mara mbili.

"Hii ni bora," alisema. "Kwa nini aya hii haikuwemo mwanzoni?"

Nilikuwa nimeshaelewa kwamba katika ile hadithi ya kijitabu kulikuwa na mtu mmoja aliyeonyeshwa wazi kwa matendo yake, na hakuwa baba, alikuwa mimi. Bwana Kingori alinirudishia karatasi. Mashindano yalikuwa yamekwisha na kijitabu kilikuwa katika nyumba za watu. Nilimsomea baba hiyo mpya, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeandika vizuri," akauliza kama mlango wa kuku umefungwa.

Nikawa mwalimu, nikapelekwa Kerugoya. Kila likizo nilirudi. Baba alinipokea kwa heshima, akaniuliza habari za shule, akanisikiliza. Hakunisimulia chochote.

Mwaka 1979, likizo ya Agosti, aliniomba nimwandikie barua kwa shangazi Mwanasiti, dada yake aliyekuwa Nanyuki. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tuliketi mezani asubuhi. Alisema polepole, nami niliandika kila neno kama lilivyotoka, hata pale aliporudia jambo mara mbili. Alimweleza habari za kifua chake, kwamba sasa kinamsumbua kama kilivyomsumbua Mishi. Alisema angependa dada yake aje kabla ya mvua.

"Umeandika yote?"

"Yote, Baba."

"Soma."

Nilisoma. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja barua, akaitia bahasha bila kuifunga. Akasema atakwenda kuipeleka posta mwenyewe, anyooshe miguu.

Nusu saa baadaye nilikumbuka kwamba hakuchukua mwavuli, na wingu lilikuwa limeshuka. Nilimfuata. Nilipofika posta nilimwona kupitia kioo cha dirisha, amesimama kwenye kaunta, kofia yake mkononi. Karani kijana alikuwa ameishika barua yangu na alikuwa akimsomea. Baba alikuwa ameinamisha kichwa na kutega sikio, na midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu, akifuata neno baada ya neno yale aliyokuwa ameyasema.

Karani alipomaliza, baba aliuliza kitu. Karani akatazama tena karatasi, akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo baba alipolamba bahasha na kuifunga.

Sikuingia. Nilimngoja nje chini ya mwavuli, na alipotoka hakushangaa kuniona. Tulipanda mlima kurudi nyumbani, mimi nikimkinga na manyunyu, yeye akipumua kwa shida, akisimama kila baada ya hatua chache. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwona. Nadhani alijua.