Bilauri ya Nne

Jambo la kwanza aliloliona Sikudhani lilikuwa dogo: nyigu hawakuja. Kila mwaka walishuka ukingoni mwa Chemchemi ya Nne kuchukua tope la kujengea, na kila mwaka mchota maji aliyekwenda pale alirudi na jicho lililovimba. Mwaka ule aliinama, akachota, akainuka, na uso wake ukabaki mzima. Majuma mawili baadaye kibuyu chake kilikwaruza mchanga.

Wakubwa wa Kilimbari hawakujua, kwa kuwa hawakuwa na desturi ya kuzitembelea chemchemi zao; waliletewa maji, wakanywa, wakazisifu. Nchi yenyewe ilikaa kama bakuli lililopasuka upande mmoja. Juu, kwenye ukingo uliosalia, kulikuwa na mji wa Kilele, wenye nyumba nyeupe zilizojengwa madirisha yakitazama mbinguni tu, ili wenyewe wasichoshwe na mandhari ya chini. Chini kulikuwa na Bonde, na mto wa rangi ya chai ambao watu waliufulia nguo, wakauogeshea ng'ombe, kisha wakaunywa. Katikati zilipanda ngazi mia tatu na moja, na mwisho wa ngazi lilisimama lango la chuma la Shule ya Kilele. Humo peke yake ndimo mtoto alimofundishwa maandishi ambayo sheria za nchi ziliandikwa kwayo. Asiyeingia humo angeishi maisha yake yote akibandika kidole gumba kwenye karatasi alizosomewa na watu wengine.

Mtu aliingia kwa ulimi. Mtoto alipotimiza miaka kumi na mmoja alipandishwa uwanjani mbele ya lango, akafungwa macho kwa kitambaa, akapewa bilauri saba, moja ya kila chemchemi, zisizofuata mpangilio, azitaje kwa kuonja. Akikosea moja, kitambaa kilifunguliwa na akaonyeshwa njia ya kurudi. Waonjaji, wale wazee saba wenye majoho meupe waliosimamia mtihani huo, walisema kwamba ulimi haufundishwi, mtu huzaliwa nao. Hata hivyo hapakuwa na nyumba Kilele isiyokuwa na mwalimu wa ulimi, aliyewanywesha watoto maji ya chemchemi zote saba asubuhi na jioni, tangu walipoota meno. Watoto wa Bonde, waliopigwa marufuku chemchemini, walionjeshwa mara moja tu, siku ya kuandikishwa, tone moja moja juu ya kijiko.

Bonde lilipolalamika, Baraza la nchi lilikaa miezi saba. "Bilauri ni zilezile, maji ni yaleyale," Waonjaji wakasema. "Mnataka haki gani zaidi ya hiyo?" Wakanyoosha vidole kwenye picha iliyotundikwa langoni, ya mtoto wa Bonde aliyefaulu miaka arobaini nyuma, ambaye sasa alikuwa Mwonjaji Mkuu, Bwana Fumbwe mwenyewe. Mbona yeye aliingia? Mwishoni mwa mwezi wa saba Baraza liliamua kwamba malalamiko yana uzito, na kwa hiyo picha ifutwe vumbi.

Sikudhani hakuwahi kufungwa kitambaa kile. Alitolewa shule ya Bonde, iliyofundisha kuhesabu tu, darasa la nne, mama alipoanguka na kuvunjika nyonga, akavishwa mzega wa kuchukulia maji begani. Tangu hapo alizijua chemchemi zote saba kama mtu ajuavyo sauti za jirani zake. Alizungumza kidogo. Wachota maji wenzake walimtania kwamba siku akifa, itabidi wamtingishe ili wahakikishe.

Alipoona mchanga mle kibuyuni alikwenda kwa Bi Mosi, msimamizi wa wachota maji.

"Bibi, ya Nne imekauka."

"Nani kasema?"

"Nimeiona."

"Hujaona kitu, mwanangu." Bi Mosi alikuwa anasokota ngata ya kichwani, na hakuinua macho. "Peleka habari hiyo juu uone. Watauliza nani kaikausha, na hawatamtafuta mbali. Jaza mtoni, uchuje vizuri. Hao huonja kwa macho."

Akajaza mtoni. Akachuja kwa kitambaa mara tatu mpaka maji yakang'aa, akayabeba ngazi mia tatu na moja, na walimu wa ulimi wakayamimina vinywani mwa watoto wao. "Hii ndiyo ya Nne, wanangu. Sikilizeni uzito wake." Watoto wakasikiliza, wakajifunza. Na tangu mwaka huo watoto wa Bonde wakaanza kuanguka kwenye bilauri ya Nne, mmoja baada ya mwingine, maana wakipewa ile walisema walichokijua: maji ya mto. Miaka mitatu hakuingia hata mmoja. Waonjaji waliandika kwa masikitiko kwamba ndimi za Bonde zinazidi kufa.

Sikudhani alibeba maji, na kila mtoto aliyeshuka ngazi akilia alimpisha njia, macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Mwaka wa nne ilikuwa zamu ya Kidawa, mdogo wake. Mwaka mzima Sikudhani alimletea pembe ya kanga iliyoloweshwa kwenye chemchemi, leo hii, kesho ile, na Kidawa aliinyonya pembe hiyo na kutaja jina. Hakukosea. Alikuwa na ulimi wa ajabu na mdomo mwepesi zaidi ya ulimi.

"Na ya Nne? Mbona huniletei?" aliuliza siku moja wakimenya mihogo.

Kisu cha Sikudhani kilisimama. "Ukipewa maji ya mto, sema ni ya Nne."

"Nini?"

"Sema hivyo tu."

"Dada, maji ya mto nimeyanywa tangu nizaliwe. Nitayaitaje jina jingine?"

"Unataka kuingia au hutaki?"

"Nataka." Kidawa aliweka muhogo chini. "Kumbe Asha hakukosea. Na Mwanaheri, na mtoto wa mama Sijali. Kumbe wote walisema kweli."

Sikudhani alirudi kwenye muhogo wake. Hawakulizungumza tena.

Siku ya mtihani uwanja ulijaa. Watu wa Kilele walikaa kivulini wakijipepea, watu wa Bonde wakasimama juani. Sikudhani alisimama nyuma ya meza na ndoo zake, kwa kuwa ndiye aliyejaza bilauri. Mbele yake Kidawa alifungwa kitambaa. Akaonja ya kwanza, akaitaja. Ya pili. Ya tatu. Minong'ono ikapita kivulini, na pepeo zikaongeza mwendo. Sikudhani akamimina ya nne, ambayo safari hii ilikuwa ile ya Chemchemi ya Nne.

Kidawa alikunywa. Akaugeuza uso wake uliofungwa macho upande wa meza, pale alipojua dada yake amesimama.

"Mto," akasema. "Huu mto wetu. Umechujwa, lakini ni mto."

Kivulini wakacheka kwa nafuu. "Amekosea," akatangaza Bwana Fumbwe. "Mfungueni."

"Hajakosea."

Sauti ilikuwa ndogo hata watu wakatazamana kutafuta ilikotoka. Bi Mosi, aliyesimama kando ya ndoo, alimfinya Sikudhani mbavuni. "Nyamaza, we mtoto, utatuua!"

"Hajakosea," Sikudhani akasema tena. "Nimeyachota mimi, mtoni, leo alfajiri. Ya Nne imekauka, Bwana. Huu mwaka wa nne."

"Na wewe ni nani?"

"Mchota maji."

"Basi chota. Kuonja kuna wenyewe."

"Si uonje basi!" akapiga kelele mwanamke mmoja juani, muuza vitumbua, karai lingali kichwani. "Mwonjaji si ndiye wewe? Au kazi yako kuvaa joho?"

Juani wakacheka, na kicheko chao kilikuwa kizito kuliko kile cha kivulini. Mwonjaji mmoja akasimama kueleza kwamba kwa desturi Mwonjaji Mkuu haonji hadharani, ulimi wake umekwisha kuhitimu. Hakumaliza. "Aonje! Aonje!" Watu walikuwa wameanza kuisogelea meza. Kidawa, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfungua, alinyoosha mikono yote miwili na kumkabidhi Mwonjaji Mkuu bilauri.

Bwana Fumbwe akaipokea. Akavuta funda moja, akafumba macho.

Sikudhani alikuwa karibu kuliko wote, na aliuona uso ule ukilegea ghafla, kama uso wa mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Katika maji yote ya Kilimbari, labda haya peke yake ndiyo yule mzee aliyoyajua kweli. Hakumeza. Hakutema. Alisimama mashavu yamejaa, kwa kuwa akimeza angepaswa kutaja jina, na jina lolote ambalo angelitaja lingebomoa nyumba ya mtu. Kivulini pepeo zilikuwa zimesimama. Wazazi walitazama watoto wao wenye sare za Shule ya Kilele, na watoto wakatazama chini. Juani, mtu wa mbele alikuwa amekwisha kuliwekea lango mkono.

Sikudhani aliisikia sauti yake tena, safari hii haikuelekezwa kwa Mwonjaji wala kwa mtu yeyote.

"Na mimi," alisema, "nilitaka kusoma."