Kilomita Tatu Kati ya Jiko na Choo

Jumatatu asubuhi, Fundi Kasiani alikuwa amelala chali chini ya Landkruza kuukuu ya mradi, akihesabu meno ya pinioni ya spidomita. Pinioni ni kigia kidogo cha plastiki kinachokaa ubavuni mwa giaboksi na kuzungusha waya unaopandisha mshale kwenye dashibodi. Kila anapobadilisha giaboksi, Kasiani huhesabu meno mara mbili, akianzia kwenye jino alilolipaka chaki. Pinioni ya giaboksi ya zamani ilikuwa na meno kumi na nane. Hii iliyokuja na giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam ilikuwa na ishirini na nne.

"Hii haiendani na gari," alisema akijivuta nje. "Meno yakizidi, waya unazunguka polepole. Mtatembea kilomita nne, itawaonyesha tatu. Nipeni nusu saa niirudishe ya zamani."

Dereva, kijana wa Moshi aitwaye Innocent, alimtazama bosi wake. Bwana Gaudensi, mratibu wa mradi, alikuwa kivulini mwa mkorosho, simu sikioni, shati jeupe pepepe.

"Mshale unapanda, haupandi?" aliuliza.

"Unapanda, bosi."

"Basi funga twende. Tunakwenda kupima njia, hatuendi kwenye mashindano."

Hapo ndipo Kasiani alipokosea, na ukimuuliza atakwambia mwenyewe. Alifunga. Ile ya zamani akaitupia kwenye kopo la bolti, akafuta mikono. Fundi mzima, miaka ishirini na sita ya kushika spana, alinyamazishwa na shati jeupe.

Njia iliyokuwa ikipimwa ni ya Namkundi, kitongoji kilichoko upande wa Msimbati. Mradi ulikuwa na sharti moja tu: kitongoji kilicho zaidi ya kilomita kumi kutoka zahanati kitajengewa ya kwake. Watu wa Namkundi walikwishafyatua matofali elfu nne na kuyafunika kwa makuti. Kutoka kwao hadi zahanati ni kilomita kumi na mbili, na hilo halihitaji spidomita. Muulize yeyote aliyewahi kubeba mgonjwa. Spidomita ikasema tisa. Bwana Gaudensi akaandika tisa, akagonga muhuri, ripoti ikaenda Dodoma. Namkundi wakaambiwa wamekosa, kwa kuwa tisa si kumi.

Ijumaa asubuhi Theresia, mke wa Kasiani, alitoka jikoni kwenda chooni uani. Alirudi saa moja na nusu baadaye, mchanga umemjaa miguuni.

"Baba Faraja," alisema, "njia ya Namkundi imekuja kwetu."

Kasiani alikwenda kutazama. Ilikuwa imejilaza kati ya jiko na choo, kilomita tatu kamili, mchanga mweupe wa kuzamisha kisigino, mikorosho huku na huku, na daraja la magogo ya mnazi lililokosa magogo mawili. Uzio wa makuti haukusogea hata shubiri moja. Jirani yao aliendelea kuanika nguo palepale alipozoea. Jumamosi wakachimba choo kingine upande wa mbele, maana ile safari ilikuwa ndefu.

Kilomita ukizikata kwenye karatasi hazifi, lazima zikakae mahali. Haki ilikuwa zikakae sebuleni kwa Gaudensi, zimchafulie zulia. Zilikwenda kwa mtu aliyefunga bolti.

Tangu siku hiyo, gari la mradi lilifika Namkundi kwa kilomita tisa za spidomita yake, bila shida. Waendao kwa miguu walitembea tisa zao, wakatokea nyuma ya choo cha Kasiani, Magomeni ya hapa, si ile ya Dar es Salaam, mjini kabisa. Wakapiga hodi, wakatembea tatu zilizobaki hadi jikoni, wakamwamkia Theresia, na wakitoka getini walijikuta mlangoni mwa zahanati. Theresia aliweka mtungi wa maji na kata. Kina mama walimshukuru, wakalalamika tu kuhusu daraja.

Kasiani aliichomoa ile pinioni ya meno kumi na nane kwenye kopo, akaenda nayo ofisini.

"Bosi, kosa ni langu. Nipe gari nifungue bolti moja, halafu mkapime upya."

"Ripoti imeshakwenda, fundi," alisema Gaudensi. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Siyo maji, bosi. Ni bolti moja. Zile kilomita tatu ziko nyumbani kwangu, ukitaka njoo uzione."

Gaudensi alilichukua hilo kama taarifa. Aliandika kwenye daftari: kilomita tatu, Magomeni. "Vizuri, basi ziko mahali salama," alisema. "Usizijengee."

Kasiani alitoka na pinioni imebanwa kiganjani. Alipofika nyumbani meno yote kumi na nane yalikuwa yamejichora kwenye ngozi.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, wanaume wanne walitokea nyuma ya choo wamebeba kitanda cha kamba. Pikipiki yao ilikwama mchangani kilomita ya sita. Juu ya kitanda alilala Mwanaidi, uchungu umemshika tangu jana yake. Mumewe, Juma, alikuwa ameshika upande wa kichwani.

Kasiani alipokea mguu mmoja wa kitanda. Theresia alikuja mbio na kanga tatu. Walipolipita daraja lile bovu, chini ya mkorosho, mtoto alizaliwa, wa kike, akalia kwa nguvu. Damu ya mama yake haikukatika. Wakabeba tena, wakikimbia kadiri mchanga unavyoruhusu kukimbia.

"Bado?" aliuliza Mwanaidi.

"Tumefika, mke wangu," alisema Juma. "Tumefika."

Walikuwa hawajafika. Alikata roho mahali ambapo moshi wa jiko la Theresia unaanza kuonekana.

Mradi uliandika taarifa yake, kurasa mbili. Mahali pa kifo: Magomeni, uani kwa fundi magari. Marehemu alifia mjini, jirani kabisa na huduma. Umbali haukuwa sababu. Innocent ndiye aliyemletea Kasiani nakala, kwa siri, na wakati fundi anasoma yeye alitazama viatu vyake.

Mwezi uliofuata Landkruza ilipokuja kubadilishwa breki, Kasiani alifungua ile bolti bila kumwuliza mtu, akafunga meno kumi na nane. Innocent akaenda nayo Namkundi na kurudi. Spidomita ikasoma kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Bwana Gaudensi aliitazama dashibodi, akaitazama ripoti.

"Spidomita imeharibika," alisema.

Gari likapelekwa gereji nyingine, yakarudishwa meno ishirini na nne, ili liendane na karatasi. Kasiani hakupewa tena kazi ya mradi. Siku hizo hasira ilimkaa kooni mfano wa mwiba wa changu, na mpaka leo ipo, hajaimeza wala hajaitema.

Mvua zilipoanza, matofali ya Namkundi yakaanza kulika pembe. Juma na wenzake wakayabeba yaliyo mazima, wakajenga viti vya kupumzikia, kimoja kila nusu kilomita, kati ya jiko na choo. Kasiani aliongeza magogo mawili darajani. Akachukua chokaa, akaandika namba kwenye mawe. Kilomita ya tisa inaishia nyuma ya choo. Jiwe la kumi na mbili liko karibu na mafiga.

Juzi, mchana, alikuwa amekaa kwenye jiwe la tisa. Mwanamke mmoja akatokea, tumbo limetangulia, kikapu kichwani, kanga imelowa jasho.

"Shikamoo, baba. Zahanati bado mbali?"

"Marahaba, mwanangu. Ofisini wanasema ulishafika," alisema Kasiani. Akasimama, akampokea kikapu, wakaanza kutembea.