Siku ya Kujua Boma la Griffins

Kwetu Wakikuyu binti haolewi mpaka watu wake waende kuliona boma atakakopelekwa. Hapa Minnesota hakuna boma wala ng'ombe wa kutazamwa, lakini desturi tulikuja nayo, na kazi ya kupeleleza ni yangu. Mama yake Joan alipofariki, baba yake, kaka yangu Eliakim, aliniambia, "Njeri, upande wa wanawake umebaki wewe." Kama ningesema boma halifai, Joan angerudi na baba yake Maple Grove, na Griffins angeenda kutafuta mke kwingine. Sote watatu tulilijua hilo tukiwa kwenye gari.

Griffins alituelekeza mjini, kando ya Mississippi, pale palipokuwa na viwanda vya kusaga unga. Siku hizi hakisagwi kitu. Wameacha kuta za matofali na herufi zake kubwa zilizochujuka, ndani wakatia lifti na sakafu za mbao zinazong'aa, na chini wamefungua mkahawa ambao kahawa yake inakuja kwenye kikombe cha mwanasesere. Watu walikuwa wanakimbia kando ya mto na hakuna aliyekuwa anawafukuza. Eliakim alisifu kila kitu, hata sehemu ya kuegesha magari. Mimi sikusifu. Mwaka jana kijana huyu alikuwa anakaa na wenzake watatu Brooklyn Park, kitanda kimoja sebuleni. Amefikaje hapa?

"Hasa hasa anafanya kazi gani?" nilimuuliza Joan kwenye lifti.

"Healthcare, Tata." Tata kwetu ni shangazi.

Ukimuuliza Mkenya wa hapa kuhusu kazi yake atakujibu hivyo hivyo, awe daktari wa moyo au awe kama mimi, ambaye huu ni mwaka wa kumi na moja nawaogesha wazee katika nyumba moja kule Golden Valley. Jibu hilo halijawahi kunishibisha.

Griffins alitufungulia amevaa suti. Eliakim aliongoza sala, tukakaribishwa, na wote wakakimbilia dirishani kutazama mto na maporomoko. Mimi nilitazama ukuta. Ulikuwa na misumari minane isiyoning'iniza kitu, na chini ya kila msumari pameachwa mraba mweupe kuliko rangi ya ukuta.

"Picha zimeenda wapi?"

"Nataka ku-repaint, Auntie." Alijibu haraka mno, kama mtu aliyefanya mazoezi.

Nikasema naenda kusaidia jikoni. Sikuona mwiko, sikuona sufuria ya maana. Chapati zilikuwa za Jedidah wa kanisani, chapati zake nazijua kwa unene. Nikafungua kabati, nikakuta kopo kubwa la ule unga wa kufanya vinywaji viwe vizito. Unga huo naukoroga kila siku kazini, ni wa wazee ambao maji matupu yanawapalia. Kijana wa miaka thelathini na mbili anapaliwa na maji? Nikaenda chooni. Ukutani kulikuwa na vyuma viwili vya kujishikilia, na juu ya choo kiti cha kuinulia, kile cha watu ambao magoti yamegoma. Nilikikalia kabisa, nikafikiri.

Nyumba ya kuazima. Wanaume wetu ni mabingwa wa kuazima: suti, gari la harusi, hata mjomba wa kuzungumza kwa niaba yao. Sasa huyu ameazima mpaka mto! Nilikasirika, na nikiri kwamba nilifurahi pia, maana nilikuwa nimeshashuku.

Nilipotoka niliona mlango mmoja umefungwa. Kabla sijagusa kitasa, Griffins alikuwa ameshafika.

"Hiyo ni stoo, Auntie."

Stoo ikakohoa.

Nikafungua. Mzee wa Kizungu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, amefungwa tai, nywele zake chache zimechanwa kwa maji. Mapajani alikuwa na sahani ya kuku aliyekatwakatwa vipande vidogo. Picha zote nane zilikuwa zimeegeshwa kwenye kitanda chake. Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa kunong'ona, kama wageni wa Griffins wamefika, na kama yeye anaendelea vizuri na kunyamaza.

Damu ilinipanda kichwani. Mtu amefichwa nyumbani kwake, halafu anauliza kama anajificha vizuri! Niliufunga mlango Griffins akiwa nje, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikaomba ruhusa, nikamvua soksi.

Katika kazi yetu mlezi haulizwi kitu, huulizwa visigino. Mgonjwa aliyeachwa amelala bila kugeuzwa huanza kuoza hapo. Nimeshaandika ripoti za watu wengi kwa sababu ya visigino. Vya mzee huyu vilikuwa laini, vimepakwa mafuta, kucha zimekatwa, na katikati ya vidole hakuna unyevu wala harufu. Kando ya kitanda chake kulikuwa na kitanda cha kukunja, na chini yake viatu vya Griffins vya kazini. Nilivitafuta vidonda na sikuvipata, na hilo liliniudhi zaidi.

Griffins aliingia, Joan nyuma yake.

"Auntie, please. Mzee Orville mwenyewe ndiye alisema atakaa huku. Binti yake anajua mna-visit. Mimi niko live-in, nalala hapa hapa namtunza, tangu January. Sijaiba kitu."

"Umemwibia kiti chake," nilimwambia. "Umemfanya mtu mgeni kwake." Nikamgeukia Joan. "Nawe ulijua?"

"Mimi ndiye nilimwambia afanye hivi."

"Wewe!"

"Ungesikia ni live-in ungemkataa kabla hujakaa chini. You know you would." Alinisogelea. "Na ile picha ya kwa Shosho, Tata? Wewe na ile nyumba ya nguzo nyeupe kule Bloomington? Shosho alizikwa akijua ni yako."

Hakuna aliyewahi kuniambia hilo usoni. Nyumba ile ilikuwa ya bibi mmoja niliyemhudumia miaka mitatu, nikilala chini, karibu na mashine ya kufulia. Siku moja nilisimama kwenye ngazi zake, nikapigwa picha, nikamtumia mama, ndiye Shosho wa Joan. Sikuandika kwamba ni yangu. Mama aliamua mwenyewe, nami nikamwachia, na kila nilipopiga simu nilijiambia nitamweleza wiki ijayo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Njeri!" Eliakim aliita kutoka sebuleni. "Umeliona boma au bado?"

Nilimvalisha mzee soksi yake. Tukamshika, mimi huku na Griffins kule, tukahesabu tatu, akasimama. Tulitembea naye polepole mpaka sebuleni, Joan amebeba sahani. Eliakim aliinuka, chapati mkononi.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," nikamwambia. "Anaitwa Orville. Griffins hana boma. Analala kwenye kitanda cha kukunja kando ya huyu mzee, na ndiye anayemwogesha. Anamtunza vizuri, nimeangalia."

Eliakim aliirudisha chapati kwenye sahani. "Mtu anayenidanganya kuhusu nyumba," alisema taratibu, "atanidanganya kuhusu nini tena? Joan, chukua koti lako."

Joan hakusogea. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ukimkataa kwa hilo nikatae na mimi," nikasema. "Ile nyumba ya nguzo nyeupe haikuwa yangu. Nilikuwa namwogesha mwenye nyumba."

Kaka yangu ndiye aliyeiweka picha ile ndani ya jeneza la mama, chini ya mikono yake, watu wote wakiona. Alikaa chini. Mzee Orville aliuliza kama kuna tatizo, nami nikamkalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu. Eliakim hakunitazama, na nilijua atachukua miezi kabla hajanitazama tena kama zamani.

Hatimaye alimgeukia Griffins.

"Mama yako anajua unafanya kazi gani?"

"Hapana, Mzee. Anajua nina-manage hospitali."

"Kenya sasa ni saa ngapi?"

Griffins alitazama saa. Hapa ilikuwa saa sita mchana. "Saa mbili usiku."

"Mpigie," Eliakim akasema. "Hatutoki hapa mpaka umwambie. Sisi mama yetu tumeshamzika hajaambiwa."

Griffins alitoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya mama yake.