Saa Nane, Saa za Doha

Kabla sijaja Doha sikujua kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kupiga pasi mbao. Aliyenifundisha ni Mista Herbert, injinia wa lifti, Mwaustria wa miaka sitini na mmoja. Huu ni mwaka wa sita nikiwa dereva wake. Kila mwezi wa tano, wakati watu wa kwao wameshafungia vifaa vya theluji stoo, yeye ndio kwanza anatoa vyake. Tunashuka parkingi ya chini ya jengo lake pale West Bay, tunazilaza ski zake mbili, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, juu ya makreti, yeye anadondosha nta, mimi napitisha pasi polepole mpaka nta inywewe. Huko nje digrii arobaini na mbili.

"Kwa nini usiende Desemba kama watu?" nilimuuliza mwaka wa kwanza.

"Desemba kuna watu," akasema.

Hataki milima yenye viti vya kuning'inia vinavyokupandisha huku umekaa kama abiria. Anapanda kwa miguu yake. Chini ya ski anabandika ngozi zenye manyoya, zinateleza mbele tu, nyuma zinakataa. Akifika juu anazibandua, anashuka. Theluji ya mwezi wa tano, aliniambia, usiku inaganda ngumu kama sakafu, asubuhi jua linailainisha kidogo kwa juu, na hapo ndipo kwenye utamu wenyewe. Ikipita adhuhuri inakuwa uji, na uji unaporomoka na mtu. Kwa hiyo lazima uwe umeshuka mapema. Mazoezi yake ni kwenye matuta ya mchanga ya Sealine. Namfikisha kabla jua halijatoka, anapanda na mzigo mgongoni, mimi nabaki kwenye gari na AC nikiyaombea magoti yake.

Mwaka huu, Jumatano kabla hajasafiri, alinipa karatasi. Anakwenda Georgia, si ile ya Marekani, ile ya juu ya Uturuki. Kwenye karatasi kulikuwa na jina la bonde, mahali pa kupandia, mahali pa kushukia, rangi ya jaketi na namba ndefu ya waokoaji wa huko. Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa: SAA NANE MCHANA, SAA ZA DOHA.

"Kwetu hakuna anayepanda bila kumwachia mtu karatasi," akasema. "Ilikuwa ikikaa kwa mke wangu. Alipofariki ikahamia kwa dada yangu. Sasa dada amezeeka, hata jina langu limemtoka."

"Na mimi nifanye nini nayo?"

"Nikishuka nakutumia ujumbe. Saa nane ikifika bila ujumbe, unapiga hiyo namba. Basi. Mwenye karatasi hafikirii, Benard. Hamwulizi mtu. Anapiga."

"Na kama umesahau tu kutuma?"

"Nitaona haya. Nimeona haya mara nyingi, na bado niko hai."

Nikaikunja, nikaiweka pamoja na leseni.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri ujumbe ukaingia: "Naanza." Mimi nilikuwa chumbani kwetu Fereej Bin Mahmoud, nakaa na Wesley, kijana wa Bomet anayelinda mnara mmoja mjini. Nikafua, nikapika ugali na sukuma. Saa sita kimya. Saa saba kimya.

"Mzee, hiyo simu utaitoboa kwa macho," Wesley akasema. "Mzungu wako amekaa mahali anakunywa bia."

"Huyu hanywi akiwa mlimani."

"Basi ameoa huko huko."

Saa nane ikafika. Nikampigia Mista Herbert mwenyewe, simu haipatikani. Nikaifungua karatasi. Hapa sasa niseme ukweli, maana hii ndiyo sababu naandika. Sikupiga ile namba. Nilimpigia Collins.

Collins ni supavaiza wa madereva, Mkenya mwenzetu. Doha ukikaa muda mrefu unazoea. Kubadilisha taa ya gari unaomba idhini. Kupita njia nyingine unaomba idhini. Kidole kinakwenda chenyewe kwenye jina la supavaiza kabla hujajua umekituma.

"Ati Georgia?" Collins akapayuka. "Fomu yake ya likizo imeandikwa Vienna! Kwa familia!"

"Mimi fomu siijui, bosi. Najua saa nane imefika."

"Sasa nisikize, Benard. Ukipiga hiyo simu, habari inafika ofisini. Kampuni haijui mtu wao anarukaruka kwenye milima na umri ule. Utamharibia kazi mzee wa watu, na yako pia. Umeelewa? Subiri nimuulize meneja."

"Yeye alisema nisimwulize mtu."

"Yeye ni nani? Wewe ni dereva. Subiri."

Akakata. Nikasubiri. Ijumaa mchana, baada ya swala, meneja yuko na watu wake wanakula, simu yake imelala. Dakika kumi. Ishirini. Nikampigia Collins tena. "Bado hajashika," akasema, "tulia."

Nilishawahi kuambiwa nitulie. Mke wangu Kerubo alianguka jikoni kwetu, upande mmoja wa mwili ukafa. Majirani wakambeba mpaka kituo cha afya. Ambulensi ilikuwapo imeegeshwa uwanjani, dereva wake amekaa kwenye kivuli chake, mafuta yamo. Kilichokosekana ni sahihi ya mkubwa wa kituo, na mkubwa yuko kwenye mkutano, na simu ya mkubwa imezimwa. Muuguzi akasema tusubiri. Mimi nikiwa hapa Doha na simu sikioni nasikia kila kitu, nasikia hata kuku wa pale uwanjani. Saa nne walisubiri. Nilimwambia muuguzi, "Dada, mwambie huyo dereva awashe gari." Akanijibu, "Baba, mimi sina mamlaka hayo." Kerubo akafia kwenye benchi. Na mimi kutoka huku nikasubiri sahihi zangu tatu za ruhusa ya kwenda kuzika, nikafika kaburi limeshaota nyasi. Sijasoma, niliishia darasa la sita, lakini hili nalijua bila mwalimu: wakubwa hawaui kwa mikono, wanaua kwa kutokuwapo.

Wesley alikuwa amekaa kitandani ameacha utani. "Mzee," akasema, "karatasi amepewa Collins?"

"La."

"Meneja?"

"La."

"Sasa unamngoja nani?"

Nikaangalia saa. Saa nane na dakika arobaini na tatu. Nilijisikia kama mtu aliyekutwa uchi. Siku hiyo hakukuwa na mkubwa mwingine. Mkubwa nilikuwa mimi, na nimefanya vilevile.

Nikapiga. Akapokea mama mmoja, Kiingereza chake kibovu kuliko changu, na hilo likanipa nguvu. Nikamsomea jina la bonde herufi moja moja. Akanirudishia. Nikamsomea mahali pa kupandia na pa kushukia, na ile saa nane. Akauliza jaketi rangi gani.

"Chungwa."

"Ski?"

Hiyo haikuwa kwenye karatasi. "Kijani, zina mkwaruzo mweupe ile ya kushoto, karibu na ncha." Mkwaruzo huo naufahamu, pasi imepita juu yake miaka sita.

"Wewe ni nani wake?"

Dereva? Mtu wa Doha? "Mimi ndiye mwenye karatasi," nikasema.

"Sawa," akasema, kama kwamba hicho ni cheo kinachojulikana. "Umechelewa. Iache simu hii wazi, nitakupigia."

Collins akapiga mara nne, sikupokea, nilikuwa nimeambiwa simu niiache wazi. Wesley akaahirisha kulala, na ana zamu ya usiku. Akanipikia chai, ikapoa, akapika nyingine. Saa kumi. Saa kumi na moja. Nikawa nawaza uji wa theluji unavyoporomoka. Sikuomba Mungu, mimi na yeye tuna yetu toka siku ile ya kituo cha afya. Wesley ndiye aliyeomba, kwa Kikalenjin, kimya kimya huku amelishika sufuria.

Saa kumi na moja na nusu yule mama akapiga. "Yuko hai," akasema. Alisema na mengine, mimi nilisikia hayo mawili, nikampa Wesley simu.

Mengine niliyajua baadaye. Alikuwa anashuka vizuri, saa tano hivi, amebakiza kidogo tu. Mwezi wa tano vijito vinapita chini ya theluji na kuila kutoka ndani, juu panabaki kama daraja. Daraja likakatika. Ski moja ikanasa chini ya barafu, mguu ukabaki ndani ya maji mpaka gotini, simu ikaingia majini. Hakuweza kujinasua. Waliomfuata walikuwa vijana wawili wa kijiji cha pale na mwokoaji mmoja, wakaiona ile jaketi ya chungwa kutoka upande wa pili wa bonde, wakachimba kwa sepeto. Hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Jumapili Collins akaniita ofisini. Barua ya onyo ilikuwa tayari, imepigwa muhuri: kuwasiliana na mamlaka za nje bila idhini. Sahihi siku hiyo zilipatikana upesi, sahihi tatu kwa asubuhi moja.

"Mimi si mbaya wako, mzee," Collins akasema bila kuniangalia. "Na mimi nina wa juu yangu."

"Najua. Kila mtu ana wa juu yake."

Wakanitoa kwenye gari la Mista Herbert, wakanipeleka kwenye basi la kuchukua wafanyakazi Al Rayyan. Watu hamsini wananuka jasho na uchovu, siwalaumu. Nikiwa kwenye ule usukani nilimwaza sana yule muuguzi. Miaka mitatu nilikuwa namtukana kwenye moyo wangu kila siku. Sijamsamehe, nisiwadanganye. Mkubwa wake ndiyo kabisa, huyo hata tukikutana mbinguni nitahama upande. Lakini muuguzi, nikifika kwake sasa nakwama kidogo, maana dakika zangu arobaini na tatu nazijua mwenyewe, na mimi hata mamlaka nilikuwa nimepewa kwa maandishi.

Mista Herbert alirudi baada ya wiki tatu. Ilikuwa siku yangu ya kupumzika, nikaenda uwanja wa ndege kwa miguu yangu na basi la mji, sikumwomba mtu gari. Akatoka amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, mguu umefungwa bandeji. Nikamwambia mhudumu aniachie nisukume.

Hata sikumsalimu vizuri. "Nilipiga saa nane na dakika arobaini na tatu," nikasema. "Niliomba ruhusa kwanza."

Nikawa natazama kisogo chake.

"Najua," akasema. "Yule mama aliniambia saa."

"Hivyo vidole. Ningepiga saa nane?"

"Nilimuuliza daktari. Hajui. Labda vingekwenda tu. Labda kimoja kingebaki."

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana deni linapungua. Hakunitukana.

"Mke wangu," akasema, "mwaka mmoja alipiga saa nzima kabla ya muda. Kwa hofu tu. Helikopta ikanikuta nimekaa juu ya jiwe nakula mkate na soseji. Tulinuniana wiki mbili." Akacheka, kisha kicheko kikakatika njiani, akajifuta uso kwa kiganja. "Wiki mbili zote nzima, Benard. Ningezirudisha sasa."

"Mimi na Kerubo tulinuniana kwa sababu ya mbuzi," nikasema.

"Mbuzi?"

"Nitakuhadithia."

Tukafika mlangoni. Watu wakatupita na masanduku yao. Akaniuliza kama ni kweli nimehamishiwa basi, nikasema kweli. Akaniuliza kama lilikuwa kosa lake kuandika Vienna kwenye fomu, nikasema ndiyo, kubwa. Akakubali kwa kichwa.

"Mwakani utakwenda na vidole vinane?" nikauliza.

"Vinane vinatosha. Wewe utapiga saa ngapi?"

"Saa nane kamili."

"Bila kumwuliza Collins?"

"Hata akiwa amekaa kwenye mapaja yangu."

"Basi sukuma," akasema. "Baridi ya AC ya humu ndani itanimalizia vilivyobaki."