Ukuta wa Fundi Wambua

Mganga hajigangi. Wambua alikuwa amepaka rangi nusu ya nyumba za mjini Machakos, huku yake ikikaa miaka minne na saruji tupu. Kilichomzindua ni habari kutoka Kalama kwamba baba mkwe wake, Mzee Ndunda, mwalimu mkuu mstaafu, angekuja Jumamosi. Tangu harusi, mzee hakuwahi kukanyaga pale. Siku ya ntheo, Wambua alipopeleka mbuzi wa posa, mzee alizitazama kucha zake zenye madoa akasema mbele ya watu wote, "Huyu atamlisha msichana wangu rangi." Watu walicheka. Wambua naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma mpaka leo. Sasa alitaka jambo moja tu: mzee aingie, atazame ukuta, akiri kwamba mkwewe anajua kazi.

Rangi aliichanganya mwenyewe kwa mabaki ya kazi za watu: manjano ya zahanati, krimu ya kanisa, na kijani kidogo cha duka la dawa. Ikatokea rangi tamu ajabu. Mukai, mkewe, aliipigia kigelegele. Alipomaliza kupaka sebule, halikubaki hata tone.

Alhamisi adhuhuri, Kanini, binti yao wa miaka mitatu, aliokota kaa jikoni akaenda sebuleni kufanya kazi. Kutoka mlangoni hadi dirishani alichora watu wenye vichwa vikubwa, miguu ikitokea moja kwa moja kidevuni. Matumbo hakuyaona yana faida.

"Aiya! Mukai, kuja uone msichana wako!"

"Leo amekuwa wangu peke yangu?" Mukai alijibu kutoka jikoni.

Wambua akasugua kona moja kwa sabuni. Kaa likasambaa, pakawa na wingu la kijivu. Kupaka kiraka hakungefaa, maana rangi ile hata yeye hangeweza kuichanganya tena. Akamgeukia mtoto, mkono tayari, akamkuta Mukai amesimama katikati.

"Ukimchapa leo, kesho ataogopa hata penseli. Muulize kwanza amechora nini."

"Nimuulize? Kwani hii ni maonyesho?"

Mukai akaketi sakafuni na binti yake. "Huyu ako na miguu ngapi?"

"Moja, mbili, tano!"

"Umesikia?" Mukai alimwambia mumewe. "Hesabu imeanza. Tumia kichwa pia wewe. Si uko na ile rangi ya ubao ilibaki kwa kazi ya shule?"

Wambua alinung'unika, lakini jioni hiyo alipaka mraba mweusi nyuma ya mlango, kimo cha mtoto, akampa Kanini chaki. "Hapa ndio kwako. Kule hapana." Kanini aliitikia kwa kichwa, na mapatano hayo aliyatimiza, ukiacha mguu mmoja wa meza.

Ijumaa ikawa siku ya kuficha. Wambua alisukuma makochi yakawaziba wengi wa watu wa kaa, akatundika kalenda juu ya wale waliobaki nje. Kwa kuwa waliobaki nje walikuwa wafupi, kalenda ilining'inia chini kiasi kwamba ni kuku tu angeisoma vizuri.

Mzee Ndunda alifika Jumamosi na koti lake zito. Alikunywa chai, akautazama ukuta juu, kushoto, kulia, bila neno. Wambua aliloa jasho. Kisha mzee akauliza, "Hiyo kalenda ni ya nani?" Kabla hajajibiwa alikuwa ameinama na kuifunua.

"Pole, Mzee," Wambua alisema kwa aibu. "Ni mtoto. Nitapaka tena yote."

Mzee alimwita mjukuu wake, akavuta kochi kando mwenyewe. "Hebu nisomee."

Kanini alisoma kwa kidole. "Huyu mama. Huyu baba, ako na bulashi. Huyu mbuzi ya Mama Wendy."

"Na mimi niko wapi?"

Kanini aliupitia ukuta wote tangu mlangoni, akitafuta kwa bidii ya kweli. Hakumpata. Akamgeukia babu yake bila kinyongo.

"Wewe haujawahi kuja."

Mukai alijifunika mdomo. Mzee Ndunda, aliyenyamazisha madarasa miaka thelathini, aliinamisha kichwa, na macho yake yakalowa. Wambua, aliyengoja miaka minne kumwona mzee huyu ameshindwa, hakuona raha yoyote. Alimhurumia.

"Mtoto amesema ukweli, mwanangu," mzee alisema. "Kazi yako ni safi. Niliiona nikiingia, kiburi ndicho kilinizuia kusema. Na usipake tena." Akapiga magoti polepole kando ya Kanini, koti na yote. "Wewe, nichore hapo karibu na baba yako."

Wambua mwenyewe ndiye aliyekimbia jikoni kuleta kaa.