Kikombe Kwenye Mdomo wa Shimo

Huko Salamabila, timu ya wachimba dhahabu ya chef Hippolyte, mkubwa wao, haikuwa ikiingia shimoni kabla kila mtu hajameza kikombe cha lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Eti dhahabu inapenda harufu yake. Asubuhi moja kikombe kilipomfikia Gédéon, hakukipokea. Alikuwa ameacha pombe tangu mkewe Rosine alipomwokota kwenye mfereji wa soko, na alijijua: akionja tu, atarudi kulala mle mle.

“Hapana, chef.”

“Ulishakuwa pasteri?” Hippolyte akacheka, na wenzake wakacheka naye, maana hiyo ndiyo kazi waliyoijua vizuri. “Dhahabu itatukimbia, na itakuwa juu yako!”

“Kama dhahabu ingependa lotoko, chef, mimi ningekuwa na nyumba ya etaji mbili kule mjini Kasongo. Sema tu shimo linakutisha. Hata mimi lilinitisha, ndiyo maana nilikunywa.”

Hippolyte akachungulia giza la chini, kisha akameza na kikombe cha Gédéon juu ya chake. “Basi enda utwange mawe na bamama!”

Kwa mchimbaji, tusi kubwa kuliko hilo hakuna. Gédéon akaenda kwenye vinu, ambako wanawake walitwanga mawe yenye dhahabu, akimwacha shujaa wao Hippolyte anaitafuta ngazi kwa mguu kama mtoto anayejifunza kutembea.

“Papa Gédéon, balikufukuza?” akauliza mama Léocadie, mkubwa wa watwangaji.

“Balinipandisha cheo, mama. Nipe mchi.”

Akampa. Wanawake wakamcheka mpaka mchana, naye akatwanga.