Pengo la Vidole Vinne

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Katika nyumba ile mambo yalikwenda kinyume: waliosikia la mkuu ndio waliochechemea. Mkuu alisema kisima kichimbwe jirani na choo, wakasikia, wakaharisha. Mkuu alisema ukuta wa uani hauhitaji msingi. Wakasikia, mvua ya kwanza tu ukalala chini kama mlevi. Mkuu mwenyewe alikuwa Baba Mkubwa. Na binti wa marehemu ndugu yake, fundi wa meko na mabomba ya moshi, alikuwa ameapa kwamba safari hii, ndani ya sebule ya mama yake, hasikii la mtu.

Mama alikuwa na baridi yabisi. Baridi ikishika, vidole vilimkakamaa hata kifungo cha blauzi kikamshinda. Ndiyo maana Fundi akamjengea meko kwenye ukuta unaopakana na chumba chake cha kulala, ili matofali yapashe joto huku na huku. Meko hayakumsumbua Fundi. Kilichomsumbua ni bomba la moshi, na usumbufu wa bomba ulikuwa na jina moja: Baba Mkubwa.

"Litoe dirishani," alisema bomba lilipofika. "Unalitoboa paa la ndugu yangu ya nini?"

"Moshi unataka njia iliyonyooka, Baba Mkubwa. Ukiuzungusha, unarudi ndani kuuliza njia."

"Basi likate. Limeupita mgongo wa paa, kama twiga anayechungulia uani kwa watu."

"Likiwa fupi, upepo utausukuma moshi urudi chini."

"Haya. Na hili tundu je? Hili nalo ni la nini?"

Hapo ndipo subira ya Fundi ilipoanza kuchanika. Bomba lilipopenya dari ya mbao, alikuwa ameacha nafasi ya upana wa vidole vinne kulizunguka. Akaeleza, akaeleza tena. Bomba lina kuta mbili, lakini bado linapata moto. Mbao ikikaangwa kila siku hukauka mpaka siku moja inashika yenyewe, bila cheche. "Hapa hapawekwi kitu. Hewa tu. Chini yake nitafunika kwa bati."

"Hewa tu," Baba Mkubwa alirudia, akimgeukia Shangazi.

Shangazi akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. "Siku hizi hata hewa ina fundi wake!"

Baba Mkubwa aliambiwa wakati wa chai, akaambiwa tena mbao zikipigwa randa. Kila mara aliitikia "sawa", ile sawa ya watu wazima yenye maana ya nyamaza.

Siku ya kuwasha moto ndugu walijaa sebuleni. Kilichobaki kilikuwa kofia ya bomba, ya kuzuia mvua, na lile bati la darini. Fundi akapanda paani na kofia yake. Aliacha neno moja mlangoni: asiwashe mtu mpaka nishuke.

Alikuwa bado anaziba maungio ya bati la paa moshi ulipompiga usoni.

"Jamani!" alifoka peke yake huko juu. "Wameshindwa kungoja hata hili!"

Lakini kazi ya paa haiachwi nusu, mvua haina huruma. Akaendelea kuziba huku akisonya. Chini walikuwa wanapiga makofi, wanaongeza kuni. Kisha ikapanda harufu nyingine, si ya kuni. Harufu chafu, ya kitu kinachoyeyuka, nayo haikutoka kwenye bomba. Ilitoka chini ya mabati.

Alishuka ngazi akikanyaga kila kipago cha pili.

Sebuleni moto ulikuwa unanguruma. Mama ameketi mbele yake, amenyoosha vidole, uso umemlainika kama wa msichana. Juu yake, kulizunguka bomba, mbao mpya zilikuwa zimepigiliwa vizuri sana.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema Baba Mkubwa, nyundo bado i mkononi. "Tundu lilikuwa linamwagia mama yako baridi. Nimeliziba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya baridi, si nimekwambia?"

"Nauliza umeziba kwa kitu gani!"

"Sponji. Lile godoro kuukuu la stoo."

Maji yangepasua matofali ya moto. Fundi akainua ndoo ya mchanga uliobaki kwenye ujenzi, akaimimina yote mekoni. Moto ukazimika puu, vumbi na majivu vikatoka kama nyuki. Vikatua kwenye vikombe vya chai, kichwani kwa Shangazi na kwenye suti ya Baba Mkubwa, aliyoivaa maalumu kwa sababu yeye ndiye aliyewasha.

"Una wazimu?" akapiga kelele.

Fundi akaitua ndoo. Akaivuta ngazi ya ndani, akapanda, akabandua mbao kwa koleo. Sponji ikatoka imenata, ya kahawia, upande uliogusa bomba umekuwa mweusi kama ukoko. Ukingo wa boriti nao ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Akaitupa sponji sakafuni, bado inafuka. Watu wakaipisha kama nyoka.

Shangazi akakohoa.

"Nilikuwa namkinga mama yako," alisema Baba Mkubwa, sauti imepungua.

"Najua."

Mama akajipangusa majivu shavuni. Akaitazama sponji, akamtazama shemeji yake na suti yake ya kijivu ambayo awali ilikuwa nyeusi. "Mwanangu," alisema polepole, "muombe radhi Baba yako Mkubwa. Umemwaibisha mbele za watu."

"Mama, dari hii inaendelea mpaka juu ya kitanda chako."

"Nimeona. Lakini ni mkubwa wako."

"Neno moja tu," Shangazi akabembeleza. "Litakuua?"

Fundi akashuka, akachukua bati lake lililokuwa limeegemezwa ukutani tangu asubuhi.

"Mchanga nitauzoa. Vikombe nitaviosha, suti nitaifua kwa mikono yangu. Boriti nitaikwangua, bati nitalifunga, na moto nitauwasha mimi. Lakini nikimuomba radhi leo, kesho atatafuta sponji nyingine." Akaweka mguu kwenye ngazi. "Siombi."